Mtu wa Nyumba ya Gelasius

Kitu cha kwanza ambacho Lusia alikitambua kuhusu wanaume wanaonyanyua vyuma ni kwamba hufumba macho. Hawakuwa mmoja wala wawili. Wote waliokuja jioni pale uani kwake, mtaa wa Makanyagio, walifanya vilevile: walikishika chuma, wakavuta pumzi, wakajaza mashavu, wakafumba macho kama mtoto anayemezeshwa kwinini, ndipo wakanyanyua. Lusia alikuwa akipita na debe la maji kichwani, akijiuliza kimoyomoyo wanaogopa kuona nini. Yeye angefumba macho na debe lile angeishia kwenye shimo la taka la Marta jirani, na debe lingemfuata humo humo.

Chuma chenyewe kilikuwa bomba la maji lililookotwa kando ya reli, na kila upande kopo la rangi lililojazwa saruji. Hakuna aliyewahi kukipima. Gelasius, mume wa Lusia, alisema kina kilo themanini. Salvatori, aliyekileta, alisema mia na ushee, na wakija wageni kilizidi hapo. Asubuhi, wakati wa kufagia, Lusia alikisogeza pembeni, akafagia palipokuwa chini yake, akakirudisha. Hakuna aliyemuuliza yeye kina kilo ngapi.

Gelasius na Salvatori walikuwa makuli wa stesheni ya Mpanda, wapakiaji wa magunia ya mahindi na mpunga kwenye mabehewa yanayokwenda Tabora. Salvatori alikuwa ameishi Tabora kidogo kwa binamu yake askari, akarudi na elimu ya mazoezi pamoja na picha ya mzungu mmoja aliyepakwa mafuta mwili mzima na kuvaa chupi peke yake. Picha ilibandikwa kwenye ukuta wa jiko, kwa hiyo Lusia alipika ugali kila siku mbele ya yule bwana.

Elimu ya Salvatori ilikuwa hivi. Mwanamume anyanyue kizito, mara chache, ale mayai, apumzike. Mwanamke yeye anyooshe viungo tu, ainame na kuinuka, ajizungushe kiuno ili kisigande. Asiguse uzito, kwa sababu akigusa uzito kizazi kitashuka, sauti itakuwa nene na ndevu zitaota. Siku alipokuwa akifafanua hayo, Lusia alikuwa hatua chache kutoka hapo akitwanga mahindi, na kila mchi ulipotua uwanja mzima ulitikisika. Salvatori akamwomba shemeji yake atwange polepole, maana wanaume walikuwa hawasikilizani.

*

Gelasius aliumia siku ya Jumapili, baada ya misa. Salvatori alikuwa ameongeza kopo jingine kila upande, saruji yake haijakauka sawasawa, na watazamaji walikuwa wengi kuliko kawaida. Gelasius akavua shati. Akakishika chuma, akafumba macho, akakifikisha kiunoni, akakifikisha begani, halafu kitu kikalia mgongoni mwake ambacho yeye peke yake alikisikia. Akakishusha chuma taratibu kama anayelaza mtoto, na yeye mwenyewe akalala kando yake. Akawaambia wenzake anapumzika.

Wakamwacha apumzike. Wakazungumza mambo ya mpira, wakazungumza mambo ya nyapara wao. Kivuli cha nyumba kilimfikia Gelasius, kikamfunika, kikamvuka, na yeye bado anapumzika. Lusia alipomletea chai ndipo alipoona machozi yanamwingia masikioni.

Salvatori alipoambiwa alichukua uongozi. Alisema mtu aliyeumia kiuno hatakiwi kukunjwa, abebwe juu ya mlango. Nyumba ya Gelasius ilikuwa na mlango mmoja na bawaba zake zilikuwa na kutu, kwa hiyo wakaondoka kwenda kutafuta mlango kwa watu. Waliondoka wote, maana mlango ni mzito. Lusia akabaki amesimama. Sisimizi wakaanza kumpanda Gelasius shingoni. Alisubiri, akachungulia barabarani, akasubiri tena. Mwisho alichuchumaa, akavuta mikono ya mume wake juu ya mabega yake, akainuka naye mgongoni kama anavyobebwa mtoto mgonjwa, akamwingiza ndani, akamlaza kitandani.

Wenzake walirudi na mlango wa jiko la Marta, wamelowa jasho.

"Yuko wapi?" aliuliza Salvatori.

Lusia akaonyesha ndani kwa kidevu.

"Ameingiaje?"

"Kwa miguu," alijibu Gelasius kutoka chumbani, wala hakusema ya nani.

*

Zahanati walimpa vidonge vyeupe na kumwambia asinyanyue hata kigoda mpaka mvua zianze. Mvua zilikuwa mbali. Mwaka ule wa sabini na sita mavuno yalikuwa yamekuja vizuri, ghala la stesheni limejaa, na hapo ndipo shida ilipokuwa.

Kwenye ukuta wa lile ghala kulikuwa na misumari. Kila kuli alikuwa na msumari wake, na juu ya msumari alitundika gunia lake kuukuu, lile analolikunja kona moja iingie katika nyingine likawa kofia ndefu ya kufunika kichwa na mgongo. Mwenye msumari alikuwa na kazi. Asiye nao alikaa nje kwenye kokoto za reli akiomba mwenye nao ahamie Kigoma, au jambo baya zaidi. Makuli walijitungia sheria wenyewe: mtu akiugua, treni mbili za mizigo zikapita gunia lake halijaguswa, msumari ni wa mwingine. Lakini mtu wa nyumba yake akija kubeba badala yake, mzigo uleule, msumari unabaki. Severini, kuli mwenzao, alipougua alileta mdogo wake. Mwingine, mwenye ngiri, alileta mkwe.

Gelasius alikuwa mtoto wa kiume peke yake. Kaka zake Lusia walikuwa Mpimbwe, mbali, na wasingeacha mpunga wao kwa sababu ya kiuno cha shemeji. Kwa Gelasius, kukosa msumari maana yake ilikuwa kurudi Litapunga kwenye shamba la mama yake, mahali alikotoka akikitangazia kijiji kizima kwamba mkono wake hautashika jembe tena. Jioni nzima yeye na Salvatori walitaja ndugu mmoja mmoja. Walimtaja hata mmoja aliyekwisha kufa, wakakumbuka, wakanyamaza kidogo kwa heshima yake.

Lusia aliwasikia akiwa jikoni. Alikuwa mtu wa kusikia. Shule aliiachia darasa la nne, na kwa watu wazima maneno yake mengi yalikuwa ndiyo, sawa na karibuni. Kesho yake alifagia, akateka maji, akamwekea Gelasius uji karibu na mkono, akatoka. Hakuaga, kwa sababu kuaga kungehitaji maelezo.

*

Nyapara Lyamba alimkuta mwanamke amesimama kwenye ukuta wa misumari, gunia la Gelasius mkononi.

"Shemeji, umefanya vizuri," akamwambia. "Linanuka sana. Kalifue."

"Nimekuja kubeba," alisema Lusia, akiliambia gunia.

Ilibidi arudie mara ya pili, na mara ya pili makuli wote walikuwa wamesogea. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Halafu wakaanza kubishana. Mmoja alisema sheria ni ya wanaume. Mwingine akauliza ilisemwa wapi, sheria ilisema mtu wa nyumba yake, na huyu kama si mtu wa nyumba ya Gelasius ni wa nyumba gani. Lyamba aliipenda sheria kwa sababu ilimpunguzia kazi ya kufikiri, kwa hiyo akakubali. Akamwonyesha kwanza ufagio, kwamba angeweza kujiunga na akina mama wa kuokota punje zilizomwagika, ni kazi nyepesi na ya heshima. Lusia akatikisa kichwa. Kazi ile haikuwa na msumari.

Hapo likaja swali la namna. Salvatori alisimama mbele na kueleza kwamba mgongo ni wa wanaume na punda. Mwanamke ameumbwa abebe kichwani, ndiyo maana shingo yake iko vile. Wote wakaona ni kweli, maana hawakuwa wamewahi kuona mwanamke akibeba vingine isipokuwa mtoto. Lusia mwenyewe aliona ni kweli. Akavua kitenge chake cha juu, akakiviringisha kuwa ngata, na wanaume wawili wakamtwika gunia la mahindi.

Shingo ilistahimili. Alivuka uwanja wa ghala polepole, akaukanyaga ubao wa kupandia behewani, ubao ukanesa, naye akanesa nao. Kelele za wanaume zilikwisha. Alifika mlangoni mwa behewa. Ndipo gunia likagonga chuma cha juu, kwa sababu mlango wa behewa ulijengwa kwa watu walioinama, na mtu mwenye mzigo kichwani hainami. Gunia lilirudi nyuma, likamvuta, wakaanguka pamoja, likapasuka. Mahindi yalimwagika mpaka chini ya magurudumu. Akina mama wa kuokota punje ndio peke yao waliofurahi.

Hakuna aliyecheka safari hii, na hilo lilimuuma Lusia zaidi. Lyamba alisema gunia lililopasuka litakatwa kwenye malipo ya Gelasius, na treni hii imehesabiwa. Ilibaki moja. "Nenda nyumbani, shemeji," alimwambia kwa sauti ya upole, kama mtu anayemfukuza kuku wa jirani.

*

Gelasius alikuwa amekwisha kuambiwa kabla mke wake hajafika. Habari mbaya Makanyagio hazikuhitaji baiskeli. Alimuuliza nani amemtuma. Alimuuliza kama anajua sasa yeye, mume, anaitwaje kule kwenye kokoto. Lusia alikaa kwenye kizingiti akitoa punje za mahindi kwenye nywele, akimsubiri amalize. Alipomaliza, akamuuliza swali moja tu: gunia hukaa wapi mgongoni.

Mtu aliyelala chali siku nzima akiangalia bati huwa na hamu ya kuulizwa. Gelasius alijibu kwa hasira, lakini alijibu. Chini ya shingo, si kiunoni. Uiname, lakini kwa nyonga. Magoti yasikunjwe sana ubaoni. Kesho yake asubuhi Lusia alitoka uani, akakiinua chuma cha makopo manne, akakiweka nyuma ya mabega, akachuchumaa. Dirisha la chumba lilikuwa wazi. "Matako chini," ilisema sauti kutoka ndani. "Chini. Unachuchumaa kama unaogopa nyasi."

Alijaribu pia yale ya Salvatori, ya kukisukuma chuma juu ya kichwa kwa mikono. Mikono ilikataa kabisa. Chuma kilianguka juu ya kigoda, kigoda kikawa kuni. Lakini mapaja na nyonga, vilivyozoea kuinuka na debe na mzigo wa kuni na mtoto wa Marta kwa pamoja, havikuona ajabu. Asubuhi moja aliinuka na chuma mabegani, na alipofika juu, amenyooka, uzito wote umetulia juu yake kama mtu aliyepata kiti chake, alitaka kucheka. Hakujua kwa nini. Akajifanya anakohoa.

Salvatori alipokuja kumwona mgonjwa na kukuta mambo hayo alihuzunika kama mwalimu. Alimweleza Gelasius kwamba kama ni lazima, basi mwanamke apewe makopo madogo, yale ya maziwa, anyanyue mara nyingi, akiwa amesimama, asichuchumae hata kidogo.

"Gunia la mwanamke lina kilo ngapi?" aliuliza Gelasius akiangalia bati.

Salvatori hakuelewa swali.

"Lile la ghalani. Likibebwa na mwanamume lina tisini. Likibebwa na mwanamke linapungua?"

"Gunia ni lilelile. Mwili ndio tofauti."

"Basi abebe kwa huo mwili wake. Mimi nimefanya ya kiume, niko wapi?"

Salvatori alitazama kitanda, akatazama vidonge, akakubali kwamba hoja ipo. Hata hivyo aliomba ndevu zikianza kuota asilaumiwe yeye.

*

Mama yake Gelasius, Natalia, alishuka kwenye lori la Litapunga na kuku kwapani, amesikia mwanawe anakufa. Aliingia uani akamkuta mkwe wake amechuchumaa, bomba la chuma mabegani, jasho linamdondoka puani, na mwanawe anayekufa akipiga kelele dirishani kwamba matako bado yako juu. Natalia alimweka kuku chini. Kuku akakimbia, wala hakuna aliyemfuata.

Ndani alilia kidogo kwa ajili ya kiuno cha mwanawe, halafu akaanza kazi. Aliigeuza ile picha ya mzungu ikatazama ukuta. Akamweleza Lusia habari za kizazi, kwamba ni kama pochi iliyoning'inia kwa uzi, na vyuma ndivyo vinavyokata uzi. Lusia akaitikia ndiyo mama. Natalia akasema, basi, umenisikia. Sasa kalete maji, lile debe moja halitoshi kwa watu watatu, leta mawili, na ukipita leta na kuni, na yale mahindi ya kutwanga nimeyaona bado yamekaa. Lusia akaitikia ndiyo mama, akaenda. Aliporudi Natalia alikuwa ameketi jikoni kama mtu aliyejisikia mwenyewe akiongea.

"Njoo hapa," alimwambia. Alimshika kidevu, akakigeuzia mwangani, akatafuta ndevu, akakiachia. "Hayo ya kizazi ni maneno tu, mwanangu. Mimi nimebeba magunia ya mpunga na mimba ya huyu aliyelala humo. Ninachoogopa ni kingine. Mwanamke akionyesha anaweza, wanamwachia. Hakuna atakayekuja kukupokea. Nguvu zako zifiche, uzitumie kidogokidogo kama chumvi."

Lilikuwa neno la mtu aliyebeba kweli, na Lusia alilipima kama alivyopima kila kitu. Kesho yake asubuhi alikitwaa chuma. Natalia alimwangalia, akavuta midomo, akatoka kwenda kumtafuta kuku.

*

Treni ya pili iliingia siku ya soko. Watu wengine walikuwa wamekuja kutoka mtaa wa Kashaulili na vikapu vyao, si kwa sababu walikuwa na shughuli stesheni, bali kutazama. Lusia alivaa kaptula ndefu ya Gelasius chini ya gauni, akalichukua gunia kuukuu kwenye msumari, akajifunika kichwa na mgongo. Lilinuka jasho la mume wake na vumbi la misimu mingi. Akainama kwa nyonga, akawaambia waliokuwa wakimtwika, "Chini ya shingo."

Gunia lilipotua alihisi kwamba anakufa, halafu akahisi kwamba hafi. Akaanza kutembea. Ubao ulinesa. Wanaume wote huukimbia ubao ule ili waumalize, na ubao huwarusha. Yeye, kwa mazoea ya debe, alisubiri ushuke ndipo akanyage. Akafika mlangoni. Kwa kuwa alikuwa ameinama, mlango ulimpita juu bila kumgusa. Akalitua gunia ndani, akanyooka gizani humo behewani, peke yake. Alikaa humo zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoka kuchukua la pili.

Hakuwa mwepesi. Mpaka saa sita wanaume walikuwa wamempita mbali, na Salvatori alibeba kwa madaha, akipitia mahali pasipokuwa njia ili watu wa Kashaulili wamwone vizuri. Lakini baada ya saa sita Salvatori alianza kukaa, akisema misuli mikubwa inahitaji kupoa. Lusia hakuwa na misuli ya kupoza. Aliendelea na mwendo uleule wa asubuhi, mwendo wa mtu anayekwenda bombani akijua kwamba pipa ni kubwa. Jioni mzigo wa Gelasius ulikuwa umekwisha. Kuli mmoja mzee, Bartolomeo, bado alikuwa na magunia yake machache kando, na alimtazama kwa macho mabaya sana.

Lyamba mwenyewe alilitundika lile gunia kwenye msumari. Alisema sheria ni sheria.

*

Treni zikaja, zikaenda. Salvatori na wengine wawili walilalamika kwamba mwanamke hawezi kulipwa sawa na wao, kwa hiyo kwa muda alikatiwa fungu, na Lusia alipokea pungufu bila neno. Gelasius ndiye aliyepiga kelele kutoka kitandani, mpaka Lyamba akaja nyumbani kuona kiuno chenyewe kama ni kweli. Baadaye, kwa kuwa mzigo wake ulikuwa sawa na wa wenzake, fungu nalo likawa sawa. Katekista Anselmo naye alitumwa aulize kama jambo lile si dhambi. Alikaa, akanywa chai, akauliza kama anabeba Jumapili. Alipoambiwa habebi, akashukuru kwa chai.

Mabadiliko mengine yalikuwa madogo. Makuli waliacha kumwita shemeji, wakaanza kutukana mbele yake kama walivyotukana mbele ya mtu yeyote, na Lusia alilichukua hilo kama heshima. Alikula mayai. Natalia alisema mwanamke akila mayai atazaa mtoto kipara. Lusia akaitikia ndiyo mama, akafukia maganda kwenye majivu. Kila asubuhi alipelekwa mwangani kukaguliwa kidevu, na kila asubuhi Natalia alionekana kama mtu aliyenyimwa ushahidi.

Gelasius alianza kukaa. Akaanza kusimama. Akawa anatembea na fimbo mpaka barabarani kupokea pole. Alipata mazoea ya kumkanda Lusia mabega jioni, wamekaa mkekani, akimuuliza nani alibeba nini, nani aligombana na nani, Bartolomeo anaendeleaje. Alimwonea wivu kwa habari zile. Wivu huo hakuuficha, na katika ndoa yao hakukuwa kumewahi kuwa na jioni nzuri kama hizo.

*

Mawingu ya kwanza yalipokusanyika, Gelasius alikinyanyua kile chuma uani, makopo mawili tu, macho wazi. Kiuno hakikusema neno. Akatangaza kwamba kesho, treni ikiingia, anarudi kazini.

Ilikuwa sherehe. Natalia alimchinja yule kuku. Salvatori aliletwa na harufu, Lyamba akapita akitoka kanisani akaambiwa akae. Walikaa wote uani, na kila mmoja alikuwa na neno zuri kwa Lusia. Salvatori alisema, kwa haki kabisa, kwamba katika maisha yake hajaona mwanamke kama huyu, ingawa hilo halibadilishi elimu. Lyamba alisema nyumba ya Gelasius ina bahati. Natalia alisema sasa mkwe wake apumzike. Na maji ya kesho ayateke mapema kwa sababu kuna nguo nyingi, na shamba la nyuma likianza kunyeshewa lisimpite, na kuni zimekwisha. Lusia alikuwa akiwamiminia maji ya kunawa, mmoja baada ya mwingine. Aliitikia ndiyo mama.

Gelasius alikuwa na furaha iliyomfanya mpole. Alimwambia mbele ya watu kwamba amemshikia nafasi kama ndugu wa kiume, na kwamba hatasahau. Kisha akamwomba amwandalie ile kaptula.

Lusia alilishika birika. Maji yaliendelea kutoka, yakajaza bakuli la Lyamba, yakamwagika kwenye viatu vyake vya Jumapili.

"Kesho nakwenda mimi," alisema.

Walidhani amekosea. Lyamba akasogeza viatu, akamweleza taratibu kwamba mwenyewe amepona, na msumari ni mmoja, na sheria haina watu wawili kwenye msumari mmoja. Lusia alisema anajua. Kokoto za reli zipo, Gelasius akakae hapo akisubiri kama wengine. Salvatori alicheka, akaangalia kama wengine wanacheka, akaacha.

Gelasius hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alimtazama mke wake kama mtu anayetafuta mahali palipouma. "Lusia," alisema, "mbona ulikuwa unanishikia tu. Kila siku nilikuwa nakuonea huruma. Si ulikuwa unaumia?"

"Nilikuwa naumia."

"Basi?"

Natalia alikuwa ameacha kutafuna. Lusia aliweka birika chini, akafuta mikono kwenye gauni, na kwa sauti ileile ndogo aliyozoea kuwaambia wageni karibuni, akamwambia mume wake:

"Sikuwa nakushikia, Gelasi. Nilikuwa namwomba Mungu usipone upesi."